Njia ya sindano: shajara ya mradi wa usalama kazini katika kituo cha afya, Pemba

Januari, kaskazi inavuma

Kazi ya mradi huu ni kuifuata sindano tangu inapotoka mwilini mwa mgonjwa hadi inapolala kwenye shimo la majivu, na kuziba kila pahala inapoweza kumchoma mtu njiani. Kituo kina chumba cha chanjo, chumba cha kujifungulia, maabara ndogo, chumba cha kufungia vidonda na tanuri la kuchomea taka nyuma ya jengo. Migongo inayoumia kwa kunyanyua wagonjwa, waya za umeme na vizima moto vina daftari lao, hapa havimo.

Tumeanza na karatasi. Fomu za usalama zilizokuwamo kwenye faili zilinakiliwa kutoka Bara, na zinataja sheria ya Bara ya 2003. Kazi na afya si mambo ya Muungano. Kwa Zanzibar inayohusika ni Sheria ya Usalama na Afya Kazini Nam. 8 ya 2005, na kwenye taka ni Sheria ya Usimamizi wa Mazingira Nam. 3 ya 2015, ile iliyoiunda ZEMA, mamlaka ya mazingira ya Zanzibar. Mtu anaweza kusema haya ni mambo ya makarani tu. Lakini siku mfanyakazi akidai haki yake kwa fomu inayotaja sheria isiyomhusu, atazungushwa mpaka achoke. Fomu zote zimeandikwa upya.

Baada ya hapo, orodha ya watu. Orodha ya mishahara haifai kwa kazi hii, kwa sababu haina wanaojitolea, wanafunzi wa uuguzi walio kwenye mazoezi, wafanya usafi wa muda, wala mlinzi anayesaidia kuwasha tanuri. Hao ndio hasa wanaochomwa na sindano ambayo hawakuitumia wao na ambayo hakuna ajuaye ilitoka kwa mgonjwa gani. Daktari akijichoma, angalau mgonjwa yupo mbele yake na anaweza kuombwa apimwe. Mfanya usafi akichomwa na sindano iliyojificha ndani ya mfuko wa taka, chanzo hakijulikani. Orodha mpya imepangwa kwa anayegusa, anayebeba, anayefagia na anayechoma, na cheo hakikutazamwa.

Februari, maboksi

Boksi la sindano la karatasi ngumu, la lita 5, hubeba takriban mabomba 100 pamoja na sindano zake. Hufungwa likifika robo tatu. Hayo yameandikwa ubavuni mwake na kila mtu anayajua. Shida ilikuwa pahala linapokaa.

Katika chumba cha chanjo boksi lilikuwa juu ya kabati, nyuma ya mchanjaji. Akishachanja, anageuka na sindano wazi mkononi, na mama bado amempakata mtoto anayelia na kurusha mikono. Hatari yote imo kwenye mgeuko ule. Kanuni iliyowekwa sasa: boksi likae upande wa mkono anaochomea, mkono ulifikie bila kunyanyua mguu, na mdomo wake uwe chini ya usawa wa macho, kati ya kiuno na kifua. Likiwa juu ya macho, mtu hutupa kwa kubahatisha na sindano zinabaki zimechomoza mdomoni. Likiwekwa sakafuni, mtoto atalichezea, na maji ya kudekia yatalilowesha kitako.

Seremala ametengeneza vishikizo vya ubao vya kugongomea ukutani, kila kimoja ni kama droo isiyo na mfuniko, na nusu ya chini ya boksi inaingia humo. Vimepata kazi mbili: boksi halipinduki, na kitako hakigusi unyevu. Karatasi ngumu ikinyonya maji hulainika, na boksi la aina hii likilainika halizuii tena ncha ya sindano. Maboksi ambayo hayajakunjwa yanahifadhiwa kwenye rafu, mbali na ukuta. Kuta za hapa wakati wa masika hutoa jasho.

Kukunja boksi kunahitaji kufundishwa. Maboksi mengi yanayofunguka chini hayakukatwa vibaya kiwandani, ila vibawa vya kitako havikuingia kwenye vitundu vyake. Likishakunjwa, mtu aingize mkono ndani na kusukuma kitako kwa kiganja kabla ya sindano ya kwanza kuingia. Kikicheza, likunjwe upya. Baada ya sindano ya kwanza hakuna mkono unaoingia tena, hakuna kushindilia, hakuna kutikisa ili zipangike, na halimwagwi ili litumike mara ya pili.

Sindano za kutobolea kidole ndizo zilizotushinda kwa muda. Upimaji wa malaria hapa ni wa kila siku na zinatumika nyingi, na kila moja ni ndogo. Mpimaji huiweka kwenye sinia pamoja na pamba, halafu husubiri kipimo kisome. Akija kusafisha sinia, anazoa pamba yote kwa mkupuo mmoja kwenda kwenye ndoo ya taka, na sindano imo ndani ya pamba. Mfanya usafi akikaza mdomo wa mfuko, inamchoma. Dawa yake ni mpangilio: boksi liwe kati ya kidole cha mgonjwa na sinia, na sindano iingie humo kabla tone la damu halijawekwa kwenye kipimo. Pamba ifuate baadaye. Tangu mpangilio huo uanze, mifuko ya maabara inamiminwa kwenye beseni na kukaguliwa kwa koleo kila Jumamosi kabla ya kuchomwa. Ukaguzi huu utaondolewa mifuko ikizoea kuwa safi.

Kurudishia kifuniko cha sindano kumekatazwa miaka nenda miaka rudi na bado kunafanyika. Sababu yake ni moja kati ya mbili: boksi liko mbali, au dawa ya ganzi imebaki kwenye bomba na itahitajika tena kwa mgonjwa yule yule. Ya kwanza inatibiwa na kishikizo. Kwa ya pili, kifuniko kilazwe mezani, kichotwe kwa ncha ya sindano kwa mkono mmoja, kisha bomba lisimamishwe ndipo kifuniko kikazwe kwa kukibonyeza kwenye meza. Mkono wa pili uwe nyuma ya mgongo. Wanaocheka wanapoambiwa waweke mkono mgongoni ndio ambao mkono wao wa pili hujipeleka wenyewe.

Chumba cha kujifungulia kina lake. Sindano ya kushonea ishikwe kwa koleo lake tangu mwanzo hadi mwisho, isipokelewe kwa vidole wala isitafutwe kwa vidole ndani ya jeraha. Mkunga na msaidizi wasipokezane mkono kwa mkono. Inawekwa kwenye kisahani cha chuma kati yao, mmoja anaweka, anatoa mkono, mwengine anachukua. Usiku taa ikikatika, kazi ya kushona isimame mpaka tochi ya kichwani ivaliwe. Tochi mbili zimenunuliwa na zinachajiwa mchana.

Machi, kabla ya mvua

Chanjo ya homa ya ini B. Watoto wachanga wa Tanzania wanaipata kwenye ratiba yao ya kawaida, lakini sehemu kubwa ya wafanyakazi walizaliwa kabla ya hapo. Dozi ni tatu: siku ya kwanza, baada ya mwezi mmoja, na mwezi wa sita tangu ya kwanza. Aliyechelewa haanzi upya, anaendelea pale alipoachia. Mwezi mmoja hadi miwili baada ya dozi ya tatu apimwe kinga kwenye damu: ikifika yuniti ndogo (mIU) 10 kwa mililita, amekingwa. Isipofika, anarudia dozi tatu.

Chanjo hii haitaki kuganda. Inahifadhiwa kati ya nyuzi 2 na 8, na kichupa kilichowahi kuganda hakifai hata kama kimeyeyuka na kinaonekana kizuri. Kwa hiyo vichupa visisukumwe hadi kwenye ukuta wa barafu wa friji. Umeme ukirudi baada ya kukatika, mlinzi wa friji huwa na hamu ya kuizidisha baridi ili kufidia, na hapo ndipo vinapoganda.

Kwa nini homa ya ini B inapewa uzito wote huu, ilhali watu wakichomwa wanafikiria VVU peke yake? Mtu asiye na kinga akichomwa na sindano yenye damu ya mwenye homa ya ini B, uwezekano wa kuambukizwa ni kati ya asilimia 6 na 30, kwa kutegemea wingi wa virusi. Kwa VVU ni karibu asilimia 0.3. Kirusi cha homa ya ini B huweza kuishi kwenye damu iliyokauka kwa siku 7 au zaidi, kwa hiyo sindano iliyoviringika chini ya kitanda tangu wiki iliyopita bado ni mzigo.

Utaratibu wa baada ya kuchomwa umebandikwa juu ya kila sinki, kwa herufi kubwa:

Acha unachofanya, mwite mwenzako amshike mgonjwa. Osha kwa sabuni na maji yanayotiririka. Usikamue, usinyonye, usitie klorini wala spiriti. Damu ikirukia jichoni, suuza kwa maji safi au ya chumvi ya hospitali kwa dakika 15, na lenzi zitolewe. Mwambie msimamizi wa zamu saa hiyo hiyo. Upimwe VVU na homa ya ini B, na mgonjwa aombwe ridhaa apimwe pia. Dawa za kinga ya VVU zianze mara moja, ndani ya saa chache, na zisivuke saa 72. Zinamezwa siku 28 kamili: tenofovia, lamivudini na dolutegravia. Kipimo kinarudiwa baada ya wiki 6 na baada ya miezi 3. Asiyechanjwa homa ya ini B aanze chanjo siku ile ile.

Maandishi ndiyo sehemu rahisi. Dawa zilikuwa kwenye kabati la famasia, na ufunguo unaondoka na mtu saa tisa na nusu alasiri. Aliyechomwa saa nne za usiku angesubiri hadi asubuhi, na wengi wakishasubiri usiku mzima hujishawishi kwamba haikuwa kitu. Sasa kuna dozi za kuanzia za siku tatu ndani ya bahasha iliyofungwa kwa lakiri, katika kabati la chumba cha kujifungulia, ambako zamu haikosi mtu. Tarehe ya mwisho wa matumizi imeandikwa nje ya bahasha, na anayekabidhi zamu anaisoma kwa sauti.

Jengine ni siri. Kijijini huku mtu akionekana anameza vidonge kila siku, maneno yatafika nyumbani kabla yake. Ndiyo sababu matukio yalikuwa hayaandikwi. Daftari jipya halina safu ya jina: lina namba, tarehe na saa, chumba, aina ya kifaa, kazi iliyokuwa ikifanyika, kifaa kilikuwa kabla ya matumizi, wakati wa matumizi au baada yake, na boksi lilikuwa umbali gani. Karatasi ya kulinganisha namba na jina iko kwa mtu mmoja, chini ya ufunguo. Safu ya umbali wa boksi ndiyo tunayoitegemea zaidi.

Aprili, masika

Klorini. Karatasi ya zamani ukutani ilisema "vijiko vitatu kwenye ndoo". Vijiko gani, ndoo gani, unga wa nguvu gani? Imetolewa.

Kwa dawa ya maji ya asilimia 3.5, kama Jik, kipimo cha asilimia 0.5 ni sehemu 1 ya dawa kwa sehemu 6 za maji, kwa kikombe kile kile. Ikiwa chupa imeandikwa asilimia 5, ni 1 kwa 9. Hesabu yake: gawa nguvu ya chupa kwa nguvu unayotaka, toa moja, hizo ndizo sehemu za maji. Kwa unga wa asilimia 65, gramu 77 kwa lita 10. Kwa unga wa asilimia 70, gramu 71. Mizani ndogo ya jikoni inatosha, na kopo moja limekatwa na kuwekwa alama kwa kila aina ya unga. Unga ukibadilika, kopo linatupwa. Dawa inachanganywa kila asubuhi kwenye ndoo yenye mfuniko isiyopitisha mwanga, nje au dirishani, unga ukitiwa kwenye maji na si maji kwenye unga. Haichanganywi na siki, dawa ya choo, wala kumwagwa moja kwa moja juu ya mkojo: mvuke unaotoka hukaba pumzi.

Damu iliyomwagika: kwanza futa kwa karatasi au kitambaa cha kutupa, kisha mimina asilimia 0.5, subiri dakika 10, futa tena, halafu deki kwa sabuni. Ukimimina juu ya dimbwi la damu, damu inaimaliza nguvu dawa yote na chini yake hakuna kilichokufa. Ikiwa ni chupa ya maabara iliyovunjika, vigae vinaokotwa kwa koleo au kwa brashi na kizoleo. Kunyunyizia hewani kumeachwa kabisa.

Hapa palikuwa na ubishi. Wakunga wa siku nyingi walifundishwa kuloweka vifaa kwenye klorini dakika 10 kabla ya kuviosha, ili aoshaye awe salama. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2016 hautaki hivyo: klorini hula chuma, damu hugandamana kwenye mikunjo ya mkasi, na aoshaye hujiona amekingwa akavua glavu nene. Tumekwenda na wa 2016. Vifaa vinawekwa kwenye maji ya sabuni ili damu isikauke, vinasuguliwa chini ya maji ili visiruke matone, kwa glavu nene, aproni na miwani, kisha vinakwenda kwenye otoklevu, chungu cha mvuke cha kuulia vijidudu, kwa nyuzi 121: dakika 20 visivyofungwa, 30 vilivyofungwa. Saa inahesabiwa tangu nyuzi zifike hapo. Umeme ukikatika katikati, hesabu inaanza upya. Baadhi ya wakunga hawajaridhika, na hoja yao kwamba glavu nene hazipatikani kila mara ni ya kweli. Jozi za akiba zimeagizwa. Zikikosekana, kuosha kunasubiri.

Mei, mvua bado

Kubeba na kuchoma.

Boksi lililojaa linafungwa mdomo kwa tepu na linashikwa kwa mshikio wake tu, mbali na paja. Halikumbatiwi wala halitiwi ndani ya mfuko wa kubebwa begani. Kwa umbali wa kwenda tanurini tunatumia toroli lililofunikwa turubai. Glavu nene za mpira hazizuii sindano. Hufuta sehemu ya damu ncha inapopenya, basi.

Tanuri ni la matofali ya moto, vyumba viwili na bomba la moshi. Chumba cha pili ndicho kinachounguza moshi, na hakifanyi kazi mpaka joto lipite nyuzi 800. Kosa linaloonekana kila mahali ni kutia taka kwenye tanuri baridi na kuwasha na mafuta ya taa. Moshi mweusi unatoka, karatasi inaungua, plastiki inayeyuka na kuziba wavu. Tanuri lipashwe kwanza kwa nusu saa hivi, na kwa hilo Pemba haina shida: makumbi makavu na vifuu vinatoa moto mkali. Makumbi mabichi au yaliyonyeshewa yanatoa moshi tu, kwa hiyo banda la kuyaweka lilijengwa kabla hata ya kugusa tanuri lenyewe. Baadaye maboksi yanaingia moja moja, la pili likingoja la kwanza lishike moto. Moshi ukiwa mweusi, acha kutia taka na ongeza vifuu.

Visivyoingia: chupa za dawa za kioo (zinapasuka na kuganda kwenye wavu), makopo ya kupulizia, na mifuko na mipira ya dripu ya plastiki aina ya PVC, kwa sababu klorini iliyomo ndani yake inazaa dioksini, ambayo ni sumu. Hiyo mipira inatengwa wodini, kwa sababu tanurini hakuna atakayefungua mfuko kuchambua.

Upepo nao una hesabu yake. Kaskazi inapeleka moshi upande wa kusini-magharibi, kusi inaupeleka kaskazini. Hakuna pembe iliyo salama mwaka mzima, ila tanuri likiwa magharibi ya majengo kuna nafuu katika misimu yote miwili. Letu liko kusini. Kulihamisha ni gharama, kwa hivyo wakati wa kusi linawashwa alfajiri upepo ukiwa bado haujapanda, na madirisha ya wodi ya upande huo yanafungwa mpaka moto ushike. Mwezi wa Ramadhani mchomaji asipangiwe kazi hii adhuhuri: joto lile pamoja na aproni, buti, miwani na barakoa bila ya kunywa maji linaweza kumwangusha.

Sindano haziungui. Karatasi na plastiki zinaondoka, chuma kinabaki ndani ya majivu, kimepauka na kingali na ncha. Majivu yanatolewa siku ya pili yakiwa baridi, kwa reki na koleo la mpini mrefu, kwenye ndoo ya chuma, na yanakwenda shimoni moja kwa moja. Hakuna kuyamwaga migombani, hata kama migomba inayapenda.

Julai, kusi

Dozi ya pili ya homa ya ini B imekamilika kwa waliomo kwenye orodha mpya, isipokuwa wanafunzi waliohamishwa. Wamepewa kadi waende nazo. Dozi ya tatu ni Septemba.

Mifuko ya maabara imekuwa safi mfululizo, ukaguzi wa beseni umepunguzwa hadi mara moja kwa mwezi na utafanywa bila taarifa. Daftari la matukio sasa linaandikwa, na linaonyesha kinachosumbua zaidi: sindano za dripu zinapochomolewa mwilini mwa mgonjwa wodini, kwa sababu boksi linabaki kwenye toroli la dawa mlangoni. Boksi la pili, dogo, la kutembea nalo hadi kitandani limeombwa. Kwa sasa nesi anasukuma toroli hadi ubavuni mwa kitanda, au haichomoi dripu.

Limebaki shimo jipya la majivu, la zamani limejaa. Linatakiwa liwe umbali wa mita 50 au zaidi kutoka kisimani, na kitako chake kiwe juu ya maji ya ardhini kwa mita 1.5 angalau. Fundi alitaka kupima mwezi wa Februari, ardhi ikiwa kavu. Kipimo cha kiangazi kinadanganya, maji yanapanda mno masika yakiisha. Tundu la majaribio lilichimbwa mwishoni mwa Mei, ufito wenye alama umesimamishwa ndani yake, na alama ya juu kabisa iliyofikiwa na maji ndiyo itakayotumika. Kuta zitajengwa kwa matofali ya saruji, mfuniko wa zege wenye tundu dogo la kumiminia lenye kufuli, na ukingo wa sentimita 30 juu ya ardhi ili maji ya mvua yasiingie. Saruji ipo, inasubiri meli ya mchanga.